Kaye Safi

Mwalimu Eulalie alijumlisha ukurasa ule mara ya tatu, akaweka kalamu yake nyekundu mezani, akamtazama Adolphine kwa huruma isiyomsaidia mtu.

"Maman Adolphine, hesabu yako haikutane. Mwezi ya sita papa ya nyumba amelipwa franka elfu moja na mia moja. Ninyi mumetumia elfu moja, mia ine na makumi mbili. Mia tatu na makumi mbili imetoka wapi?"

Wanawake kumi na saba waliobanana kwenye madawati ya shule ya parokia, pale Kadutu, waliacha kuandika. Madawati yale yalitengenezwa kwa watoto wa miaka saba, na magoti yao yaligonga mbao kila walipogeuka kumtazama mwenzao. Adolphine alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amejifunza kuandika mwaka uliopita tu, katika chumba hichohicho, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote.

"Sijue, Mamzele," alisema.

"Feza haitokake ku hewa, maman."

"Njo vile, Mamzele."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Eulalie hakuwa mtu mbaya. Hilo tuliseme mapema, maana mbele kuna watakaotaka kumchukia. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, amelelewa na kufundishwa na masista, na aliamini kwa moyo wote kwamba umaskini wa Kadutu utaisha siku wanawake watakapojua kujumlisha. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikula na kulala kwa masista, na mshahara wake wote ulikuwa wake.

Kilichowakusanya pale ni Sanduku la Umoja, chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa Kadutu. Kilianza na sanduku la kweli, la mbao, lenye kufuli mbili, na ingawa mwaka huu wa 1957 fedha zilikuwa zimehamia benki, jina lilibaki. Mwanachama aliweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Lakini kwanza mkewe ahudhurie masomo ya Alhamisi, na kwa miezi mitatu aandike kila franka inayoingia na inayotoka katika daftari ambalo wote waliliita kaye. Kurasa za kaye zilikuwa na namba na mhuri, ili mtu asichane. Iliandikwa kwa wino, ili mtu asifute.

"Kaye ni kama kitubio," Eulalie aliwaambia tangu siku ya kwanza. "Ukificha zambi moja, kitubio yote inakuwa ya bule. Na kaye ni siri. Ya nyumba yako na ya Sanduku."

Katika masomo yote, hilo ndilo lililomwingia Adolphine barabara. Kitubio alikijua. Unapiga magoti, unasema, padri anakupa Salamu Maria zako, na maneno yako yanabaki mle ndani ya sanduku la mbao milele.

Naye aliuhitaji mkopo kuliko mtu yeyote mle chumbani. Mlangoni kwake kulikuwa na barua ya ofisi ya mji tangu mwezi wa nne: nyumba zote za mstari wa juu zilizoezekwa majani ziwe na mabati kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi wa tisa. Isiyo na mabati itabomolewa, na kiwanja kitapewa mwingine. Mabati ishirini na manne, kwa franka sabini na tano kila moja, yalikuwa elfu moja na mia nane. Akiba yao ilikuwa mia sita na arobaini. Mkopo ungetosha.

"Alhamisi ijayo ninafunga makaye yote mu kabati, inaenda ku komite," Eulalie alisema, akimrudishia daftari lake. Kisha akainama na kushusha sauti, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Kama haikutane, siwezi kutia sahihi. Na batu batauliza. Munajua maneno ya depo."

Wote waliyajua. Philémon, mume wa Adolphine, alishika funguo za depo ya kahawa chini ziwani, na katika mwezi huohuo wa sita magunia mawili yalipotea.

Philémon Mushagalusa alipanda kilima saa kumi na mbili kasoro, viatu mkononi, na hakuvivaa hata alipofika mlangoni. Adolphine alimwekea maji ya kunawa. Watoto wao watatu, Anne-Marie, Aloys na mdogo Cibalonza, walikuwa nje wakichambua maharagwe.

"Patron ya depo amenipekua," alisema akiwa bado amesimama. "Mbele ya bapakizi. Amesema, vua viatu. Nikavua. Akatazama ndani, utafikiri gunia ya kahawa inaingiaka mu kiatu."

"Pole, Papa Anne-Marie."

"Kaye iko namna gani?"

Alimweleza. Hakuficha neno, hata lile la depo. Philémon alikaa juu ya kiti kimoja walichokuwa nacho na kuyatazama maji bila kunawa.

"Amesema ile mbele ya bamama bote?"

"Alisema pole pole. Lakini balisikia."

"Basi punguza. Andika tulikulaka mara moja kwa siku."

"Ni wino. Na Mamzele amekwisha kujumlisha."

"Toa ile mia na makumi tano ya matanga ya mujomba."

"Ni wino, nimesema."

"Andika mama yako anatutumiaka feza."

"Mama yangu wa Kabare?" Adolphine alikaribia kucheka. "Ule ambaye mi njo ninamupelekeaka chumvi?"

Wote wawili walijua pesa ile ilikotoka, na wote wawili waliweza kuinusa pale walipokaa. Nyuma ya nyumba, chini ya magunia na kuni, kulikuwa na mtumbwi mfupi wa kukamulia ndizi, na ndani yake kasiksi ya siku mbili, pombe ya ndizi, ilikuwa ikichemka yenyewe taratibu. Adolphine aliiuza chupa franka tatu, Jumamosi na Jumapili, kwa watu aliowajua. Kibali hakuwa nacho. Kibali cha kuuza pombe kiligharimu zaidi ya nyumba yao, na hakikutolewa kwa mwanamke.

Hiyo ndiyo iliyowalisha. Mshahara wa Philémon ulilipa kila kitu kilichokuwa na risiti. Kasiksi ililipa masomo, nguo, na zile franka mia za Sanduku zenyewe, ambazo kila mwezi Adolphine alizipeleka zimefungwa ndani ya leso na kupongezwa kwa kujua kubana matumizi.

"Ile usiandike," Philémon alisema mwishowe. Hakuitaja. "Sikia miye, Mama Anne-Marie. Ata bakukate mukono."

Jumatano Monique, jirani wa mlango wa pili, alikuja kuomba moto na kukaa nusu saa. Naye alikuwa mwanachama. Kaye yake ilikutana kila mwezi mpaka senti ya mwisho.

"Juu unaandika kweli, njo unateseka," alisema, akichochea makaa kwa kijiti. "Mi ninaanzaka na jumla. Ninaandika elfu moja chini kabisa, kiisha ninapanda. Makala ya jiko kidogo, sabuni kidogo, nyama hakuna. Mamzele anafurahi, anasema nyumba yangu iko na heshima."

"Na kama anakuuliza?"

"Anaulizaka nini? Anatazamaka chini ya ukurasa tu."

"Mi siwezi, Monique."

"Unaweza. Hautaki."

Monique alisema kweli, hakutaka. Adolphine aliipenda kaye ile kupita kiasi, tena bila kuona haya. Jioni, watoto wakishakula, aliifungua mezani, akanyoosha ukurasa kwa kiganja, na kuandika: chumvi, franka moja na nusu. Miaka thelathini alikuwa ameishi bila kitu chake chochote kuandikwa popote ila jina lake katika kitabu cha ubatizo. Sasa kila kitunguu chake kilikuwa na mahali. Kuandika uongo mle kulimtisha, na kuacha pengo la franka mia tatu na ishirini, ambalo watu wangelijaza kwa magunia mawili ya kahawa ya mtu mwingine, kulimtisha zaidi. Mumewe angefungwa. Hilo ndilo aliloliona kila alipofumba macho, Philémon amevua viatu mbele ya polisi.

Tena kasiksi yenyewe alikuwa amekwisha kuiungama kanisani, kabla ya Pasaka. Padri alimpa Salamu Maria tatu, akamwambia asiwauzie walevi. Kama mbinguni ilikuwa imekwisha kusamehewa, Sanduku lingeikuza ya nini?

Basi Alhamisi, kabla ya makaye kukusanywa, aliinama juu ya dawati la mtoto wa miaka saba na kuandika yote. Hakuandika "kasiksi, mia tatu na ishirini" akaishia hapo, kama mtu mwenye hila angefanya. Somo la wiki ile lilikuwa la wadeni, na Eulalie alikuwa amesema mara nne kwamba deni lisilo na jina si deni. Adolphine aliandika kila mteja, chupa zake, na alicholipa. Chupa mia moja na kumi na moja, moja yake haikujaa, ikauzwa franka mbili. Jumla, franka mia tatu thelathini na mbili. Zilizolipwa, mia tatu na ishirini. Zisizolipwa, kumi na mbili, na jina la mwenye deni.

Eulalie alipitia makaye kumi na saba kabla ya kengele. Kwa Adolphine alitazama chini ya ukurasa, akajumlisha, uso ukamng'aa.

"Umeona? Imekutana. Ulikuwa unasahau tu."

"Ndiyo, Mamzele."

Sahihi ikatiwa. Kabati likafungwa. Jioni ile Philémon alipouliza, Adolphine alimwambia imekutana, naye akashusha pumzi kubwa na kuomba chakula. Hakuuliza imekutana kwa njia gani. Alikuwa ameogopa wiki nzima, na mtu aliyechoka kuogopa hapendi kuuliza mara mbili.

Komite ilikaa Jumapili baada ya misa ya pili, katika darasa lilelile, wanaume watano kwenye kiti cha mwalimu na viti vinne vya kuazima. Waombaji walisimama mlangoni na kuitwa mmoja mmoja pamoja na wake zao. Mwenyekiti alikuwa muzee Constantin, fundi mwashi, mtu wa pole ambaye alisoma kwa kidole. Mwandishi alikuwa Gaston, karani wa ofisi ya mji, aliyevaa kofia ya helmeti nyeupe hata kivulini na kuivua kwa ajili ya mapadri tu.

"Philémon Mushagalusa na bibi yake," Constantin alisema. "Banaomba elfu moja na mia nane, ya mabati. Akiba ni mia sita na makumi ine. Sheria ya Sanduku inasema kaye isomwe mbele ya komite. Basi tusome."

Adolphine aliinua kichwa. "Isomwe?"

"Mwezi ya tano tumeona. Tusome mwezi ya sita, juu ile ya katikati njo inaonyesha nyumba."

"Mamzele alisema ni siri, muzee. Ya nyumba na ya Sanduku."

"Sisi njo Sanduku, mwanangu," Constantin alisema kwa upole kabisa.

Alianza. Mshahara wa papa ya nyumba. Makala. Ndakala, samaki wadogo waliokaushwa. Daftari la Anne-Marie kwa masista. Wanaume walitikisa vichwa kwa kuridhika, na Philémon, mikono nyuma, alianza kusimama vizuri. Kisha kidole cha mzee kilivuka mstari na sauti yake ikapungua mwendo, lakini haikusimama, kwa sababu mtu anayesoma kwa kidole hawezi kujua mapema anakokwenda.

"Kuingia. Kasiksi ya kuuza. Papa ya Monique, chupa kumi na ine, amelipa. Fundi Évariste, chupa tisa, amelipa. Mupakizi wa depo, chupa kumi na moja, amelipa. Bwana Gaston, kalani..." Alikwisha kulisoma jina. "Chupa ine. Franka kumi na mbili. Hajalipa."

Philémon hakumgeukia mkewe. Alitazama sakafu, na Adolphine aliona shingo yake ikijaa damu, akatamani ardhi ipasuke. Mlangoni waombaji wengine walikuwa wamesikia. Mtu mmoja alikohoa ili asicheke.

"Mwandiko ni muzuri," Constantin alisema, akitafuta la kusema. "Na hesabu inakutana. Maman hakudanganya ata kidogo. Sijawahi kuona kaye ya namna hii."

"Muzee," Gaston alisema. Alikuwa ameiweka kalamu chini, uso wake umekauka. "Sheria inasema hatukopeshe juu ya feza ya pombe."

"Ninajua sheria."

"Na miye ni kalani ya ofisi. Jina yangu imesomwa. Hapa muko batano, pale mulangoni muko kumi. Kesho ofisi itajua. Kama haitajua kwangu, itajua juu yangu."

"Hatukusikia kitu, Gaston. Tunaweza kusema hatukusikia."

"Wewe unaweza. Wewe unajenga kuta."

Constantin alifunga daftari, akalipiga-piga mgongoni kwa kiganja, akaahidi kwamba ombi litatazamwa tena mwakani. Mwakani, kwa nyumba iliyobakiza wiki mbili tu. Walipotoka, watu waliwapisha njia pana kupita ilivyohitajika.

Waliteremka mpaka karibu na soko. Hapo Philémon alisimama.

"Juu ya nini umenifanya vile?"

"Balikuwa bakisema wewe ni mwizi."

"Heri bangesema."

"Ungefungwa."

"Na sasa?" alisema. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Adolphine zaidi ya kofi. "Sasa ni nani anafungwa, Mama Anne-Marie?"

Walikuja Jumanne saa nne asubuhi, polisi wawili na Gaston. Philémon alikuwa kazini. Adolphine alikuwa na siku nzima ya kuumwaga mtumbwi ule Jumatatu, na Jumapili alikuwa na mchana mzima, lakini ndani yake kulikuwa na ndizi za franka tisini, na alikuwa bado anatumaini kwamba muzee Constantin angesema neno. Msimlaumu upesi. Franka tisini zilikuwa bati moja na zaidi.

Polisi walifunua magunia kana kwamba wamezaliwa mle ndani. Waliupindua mtumbwi, na kasiksi ikateremka kilima kupitia ua wa Monique mpaka njiani, ikiwa na povu lake. Mmoja wao aliipasua mitungi mitatu kwa kitako cha fimbo, bila haraka, mmoja mmoja. Cibalonza alilia. Anne-Marie, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alimbeba mgongoni na kusimama akiwatazama wale watu mikononi.

Gaston aliandika. Kosa, mahali, kiasi. Faini, franka mia tano, ilipwe kabla ya wiki mbili au siku thelathini za jela. Alipomaliza, aliingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akazipanga mezani moja baada ya nyingine karibu na taa.

"Ile kumi na mbili yako," alisema bila kumtazama. "Sipende deni. Unaweza kuiandika."

"Ntaiandika," Adolphine alisema.

Alimsindikiza mpaka mlangoni, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na huko nje Gaston alisimama na kuvua helmeti yake, akaivaa tena, akaondoka.

Mia tano za faini walizitoa katika akiba yao ya Sanduku. Eulalie mwenyewe aliwajazia karatasi, macho yake mekundu. Alikuwa amemwomba Mama Mkuu aende kusema na ofisi, na Mama Mkuu alikuwa amemwambia kwamba sheria ya pombe ni nzuri kwa Waafrika. Baada ya faini zilibaki mia moja na arobaini. Patron wa depo hakumfukuza Philémon, kwa kuwa magunia mawili yalikuwa yameonekana. Hayakuwa yamepotea kamwe. Yalihesabiwa vibaya yalipotoka Kalehe, na aliyehesabu alikuwa mpwa wa patron. Hakuna aliyemwambia Philémon pole, na viatu vyake hakuna aliyevitaja.

Nyumba ilibomolewa tarehe kumi na sita ya mwezi wa tisa, asubuhi ya mvua ya kwanza. Watu wa ofisi walilivuta paa kwa kamba, na majani yaliyokauka miaka sita yakaanguka ndani pamoja na viota vya panya. Kufikia saa saba kiwanja kilikuwa na vigingi vipya. Monique aliwapatia chumba kwa jamaa yake, chumba cha kitanda kimoja, franka mia mbili na ishirini kwa mwezi, bila ua.

Watoto watatu walipanda lori la Kabare siku iliyofuata, kwenda kuishi kwa mama yake Adolphine. Anne-Marie alivaa gauni lake la shule, ingawa barua ya kumtoa kwa masista ilikuwa imekwisha kupelekwa. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, akiwa amekaa juu ya mzigo wa viazi, Cibalonza mapajani.

"Mama, kule Kabare kuko shule?"

"Iko ya batoto bavulana," Adolphine alisema. "Kwanza musaidie koko yako. Kiisha tutaona."

Lori liliondoka. Philémon alimshika mkewe bega, mara ya kwanza tangu ile Jumapili, kisha akateremka kwenda kazini kwa sababu alikuwa amechelewa.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa kumi Adolphine alikwenda kwenye masomo. Watu walishangaa. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini amekwenda, ila kwamba chumba kile hakikuwa na ua, wala kuni, wala mtoto, na saa nane mchana ilikuwa ndefu. Alikaa dawati la nyuma. Mbele walikuwa wamejaa wageni, wanawake tisa wapya ambao waume zao walijiunga na Sanduku mwezi ule.

Eulalie alimpokea kwa mikono miwili. Alichukua kaye yake, akaufungua ukurasa wa mwezi wa tisa, akajumlisha mara moja, akajumlisha tena. Kisha chini ya ukurasa akaandika kwa herufi kubwa: SAFI. Tangu aanze kufundisha alikuwa hajaliandika neno hilo katika kaye ya mtu.

"Maman Adolphine, uniruhusu nisomee bageni hii. Bila jina."

Adolphine alitikisa kichwa kukubali.

"Musikie, bamaman," Eulalie alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli, kwa maana kati ya mambo yote ya miezi ile, hili moja lilikuwa limekuja sawa. "Hii nyumba ilikuwa na mateso. Lakini muone namna wamejipanga. Kuingia: mushahara elfu moja na mia moja. Deni ya zamani imelipwa, kumi na mbili. Jumla, elfu moja mia moja na kumi na mbili. Kutoka: kodi, mia mbili na makumi mbili. Bugali na maharagwe, mia tatu na kumi. Makala, makumi saba. Sabuni, makumi mbili na nane. Chumvi, kumi na ine. Petroli ya taa, makumi tatu. Lori, makumi tisa. Babebaji, makumi sita. Jamaa wa mashamba, mia moja makumi nane. Kanisa, kumi. Na ata mu mateso yote, Sanduku, mia moja. Jumla, elfu moja mia moja na kumi na mbili. Hakuna ata senti moja imepotea. Hakuna kitu ya kuficha."

Wanawake wapya waliandika. Walinakili vichwa vya safu kama walivyofundishwa: Chakula, Nyumba, Watoto, Jamaa, Kanisa, Akiba. Mmoja wao, msichana mjamzito aliyetoka Walungu karibuni, aliinua mkono kwa woga.

"Mamzele, pale ku Batoto haukusoma kitu."

Eulalie alitazama ukurasa. "Ni sifuri."

"Ule maman hana batoto?"

Eulalie aligeuza ukurasa mbele, akaugeuza nyuma. Kutoka dawati la mwisho Adolphine alijibu kwa sauti ya kawaida, bila kusimama.

"Ana batatu," alisema.

Yule msichana aligeuka kumtazama, kisha akainamisha kichwa na kuandika sifuri mahali pake.